Mtandao wa Theuri na Mikima ya Mpakani

Ukifika kwenye kituo chetu cha biashara huku Tetu ukauliza Theuri ni nani, utaonyeshwa mlingoti ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi kabla hujaonyeshwa mtu. Watakuambia ndiye aliyetuletea intaneti, na watasema kwa majivuno kana kwamba walimsaidia kubeba hata msumari mmoja. Mimi ni dada yake, Waithira. Nina duka la nafaka hapo chini ya mlingoti, na nilikuwepo siku alipoupandisha huku wanaume wazima wakikaa kwenye benchi langu wakibashiri ataanguka upande gani. Basi acha nisimulie mimi, kwa sababu nimechoka kusikia maisha yake yakisimuliwa na watu wanaoupenda mtandao na hawana haja na mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1978, miaka mitatu kabla yangu. Mama yetu alipofariki tulikuwa bado wadogo, na dada ya baba, Tata Phyllis, ambaye hakuwahi kuolewa, ndiye aliyetulea. Theuri alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya baba aliifungua mara tatu, mara mbili akachapwa, mara ya tatu ikaongea vizuri kuliko zamani na hakuna aliyemwomba msamaha. Alisomea mambo ya umeme chuoni Nyeri mjini, akaenda Nairobi, akakaa miaka kumi na moja akivuta nyaya kwenye dari za ofisi za watu. Baba alipokufa mwaka 2016 Tata akabaki peke yake nyumbani, chini kabisa ya mteremko, na Theuri akarudi. Mkewe hakutaka kuja kukamua ng'ombe na kuchuma majani chai, na hilo silaumu upande wowote.

Mwaka 2019 ndipo alipousimamisha mlingoti. Intaneti ilikuwa mjini ng'ambo ya bonde, nasi tulikuwa huku tukipanda hadi kwenye kibanda cha kuuzia majani chai ili simu ishike. Theuri akaweka antena ya sahani kule mjini na nyingine hapa, zikatazamana juu ya bonde zima. Kutoka kwenye mlingoti akasambaza mawimbi kwa majumba, kila nyumba ikawekewa kisahani kidogo juu ya bati, waya mfupi ukaingia ndani hadi kwenye rauta, na rauta ndiyo ikatoa Wi-Fi ya sebuleni. Watu wakamwita Theuri wa Waya. Alijaribu kueleza kwamba maana yote ya kazi yake ni kuwa huku nje hakuna waya, kisha akaacha, na jina likakaa.

Tata ndiye pekee aliyemuuliza swali la maana. Alikuwa jikoni akimenya viazi, akataka kujua maneno ya mtu yanapitaje hewani bila kuingia nyumba isiyo yake. Theuri aliacha chai ipoe akimweleza. Kila chombo kina anwani yake. Ujumbe hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa kimetoka wapi na kinakwenda wapi, na kwenye kila njia panda kuna rauta inayosoma anwani na kukisukuma mbele. Vikifika vinapangwa upya, mtu hajui kama vilisafiri kimoja kimoja.

"Na kipande ikipotea?" Tata akauliza.

"Kama ni barua, inangoja, hiyo kipande inaombwa tena," Theuri akamjibu. "Lakini ukiongea na mtu kwa video hakuna kungoja, Tata. Yenye imepotea imepotea."

Tata alisema basi afadhali barua, akaendelea na viazi vyake.

Watu wengine hawakuuliza, walijua tayari. Kila mwenye duka pale kituoni alinunua rauta yake na kuiwasha bila kugusa chochote, zote zikajazana kwenye chaneli moja ya mawimbi ya gigahezi mbili nukta nne. Theuri akapita duka kwa duka akiwaambia kwamba kwenye mawimbi hayo kuna chaneli tatu tu zisizopandana, ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, wagawane. Wakasema anataka kumiliki hewa. Mwiti, mwenye duka la dawa, mtu mjanja kutoka upande wa Meru, akahamia chaneli ya tatu ili awe peke yake, akaharibu ya kwanza na ya sita kwa pigo moja, kisha akaja kulalamika kwamba mtandao wa Theuri ni mbaya.

Kwa hiyo viungo vyake muhimu, vya kutoka mlingoti hadi majumbani, Theuri aliviweka kwenye gigahezi tano. Kule hakuna msongamano, na kasi ni kubwa. Ubaya wake ni kwamba mawimbi hayo hayapendi miti. Yale ya chini hupenya kidogo, haya ya juu hugonga jani yakafa. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba jani lililolowa ni maji yaliyotundikwa hewani. Tena haitoshi jicho lako kuuona mlingoti, kwa sababu njia ya mawimbi si uzi, ni kitu kinene katikati kama kiazi kitamu, na unene huo wote unataka kuwa wazi. Haya yote aliyajua. Naomba hilo likumbukwe, maana baadaye watu walisema fundi hakujua kazi yake.

Sasa Gathogo. Gathogo ni mtoto wa baba mkubwa, shamba lake liko juu yetu kwenye mteremko huohuo, na kati ya mashamba mawili kulikuwa na mstari wa mikima kumi na minne, miti ya mbao na kuni ambayo kila mtu huku hupanda mpakani. Mwaka 2021 Gathogo akaenda mahakamani akisema kwamba mpaka halisi uko chini zaidi, karibu na zizi letu, na kwamba mikima ilipandwa ndani ya shamba la baba yake kwa hisani. Baba yake alikuwa amekufa, baba yetu pia. Aliyebaki hai kati ya waliokuwepo siku ya kugawa shamba ni Tata Phyllis, na ndiye aliyeipanda ile mikima kwa mikono yake. Bila Tata, sisi tulikuwa watu wa kusema tu.

Mahakama ikaamuru hali ibaki ilivyo mpaka kesi iishe. Hakuna wa kukata mti, wala tawi. Kwa desturi yetu mukima hupogolewa kila baada ya miaka miwili, fundi anapanda na panga na kuacha kishungi tu juu, matawi yanakuwa kuni. Tata hakuwahi kukosa kuipogoa. Baada ya amri ile mikima ikakaa miaka mitatu bila kuguswa, ikavimba, ikashikana, ikawa ukuta. Na ukuta huo ulisimama katikati kabisa, mlingoti ukiwa juu na nyumba ya Tata chini. Nyumba ya Gathogo ilikuwa upande wa juu wa miti, ikiutazama mlingoti bila kizuizi. Ndiyo, Gathogo alikuwa mteja wa Theuri. Kesi ilipoanza nilimwambia Theuri amkate, akasema mtandao si kibiriti cha kunyimana.

Tarehe ya Tata kutoa ushahidi ikapangwa Aprili 2024, kwa video. Tata alikuwa na miaka tisini na moja, nyonga ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia, na safari ya kwenda mjini ilikuwa mateso. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa na kuwekwa alama ya kidole, lakini wakili wa Gathogo alisema anataka kumuuliza maswali yeye mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Wakili wetu, Gacheri, akampigia Theuri kuuliza kama mtandao wa nyumbani utashika. Theuri akapima. Ilikuwa Februari, jua kali, vumbi, mikima imedondosha majani mengi. Akazungumza na Gacheri kwa video saa nzima, picha haikutikisika hata mara moja. Akamwambia iko sawa.

Hilo ndilo kosa, na lingine ni hili. Mimi nilimwambia tumlete Tata dukani kwangu. Pale mlingoti uko juu ya kichwa, na kanisa lilikuwa na kiti cha magurudumu, na vijana wanne wangembeba mteremko wote bila kutoa jasho. Theuri alinitazama kama nimemtukana.

"Tata hatabebwa kama gunia ya majani chai ndio aseme shamba ni yake," akasema. "Ataongea akiwa kwake. Hii kazi nilifanya ni ya nini, kama haiwezi kufika kwa Tata?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka mitano alikuwa amewaambia watu kwamba mtandao ni wa kumfuata mtu alipo, na sasa amwinue mama mzee kumpeleka kwenye mtandao, mbele ya benchi lilelile la wacheshi? Ilikuwa kiburi, na ilikuwa upendo pia, na mimi sikuweza kuvitenganisha wala sikujaribu sana.

Mvua ikaanza wiki ya mwisho ya Machi. Mikima ikachipua kwa fujo. Theuri akaona kipimo chake kinashuka kila asubuhi, akaanza kuhangaika. Akajaribu kuhamia mawimbi ya chini, yale ya mbili nukta nne, yapenye majani, lakini kule juu kelele za rauta za kituo kizima zikayameza. Waya wa kawaida wa mtandao haufiki mbali, mita mia umechoka, na kwa vyovyote ungepita kwenye shamba la Gathogo. Akatafuta pembe. Akasimamisha bomba refu kando ya zizi, akahamishia kisahani huko, mahali ambapo kati ya mti wa nne na wa tano palikuwa na upenyo na mlingoti ulionekana kwa jicho. Alijua vizuri kwamba jicho halitoshi. Lakini mtu akibanwa huanza kuamini yale aliyokuwa akiwakataza wengine.

Siku mbili kabla nilishuka na panga. Nilimwambia akate matawi sita tu, ya upande wetu, nani atahesabu. Akaninyang'anya lile panga. Alisema Gathogo amepiga picha kila mti, na siku tukigusa tawi moja sisi ndio tutakuwa wavunja amri, na ushahidi wa Tata utakuwa wa watu wasioheshimu korti. Alikuwa sahihi. Mtu anayefuata sheria karibu na mtu kama Gathogo huwa sahihi hivyo mpaka shamba lake linakwisha.

Asubuhi ya kesi mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyokoma. Tata alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani na sweta ya kijani, tukamkalisha kwenye kiti cha baba mezani, kompyuta mbele yake. Saa nne na robo jina letu likaitwa. Kwenye kioo wakatokea hakimu, Gacheri, wakili wa upande ule, na Gathogo katika suti yake, sebuleni kwake, pazia la buluu nyuma. Alionekana safi kama mtu wa taarifa ya habari, sauti kama yuko chumbani nasi. Mawimbi yaliyombeba, siku hiyo na siku aliyotoa ushahidi wake mwenyewe, yalitoka kwenye mlingoti wa ndugu yangu.

Karani akamwapisha Tata kwa Kikuyu. Akataja jina lake na miaka yake, wakasikia. Gacheri akamwomba aeleze mikima ilipandwaje. Tata akaanza, mvua nje ikakaza kwenye mikima, na nilimwona hakimu anakunja uso, anainama kwenye kioo. Akasema sauti inakatika. Theuri akazima video ili sauti ipate nafasi. Hakimu akasema tena, "Mama, hatukusikii," lakini hata hiyo ilitufikia vipande vipande, na Tata, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, hakujua kwamba anaambiwa yeye. Akaendelea.

Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alieleza siku hiyo ilivyokuwa, baada ya mavuno ya kahawa, ndugu zake wawili wakishika kamba ya mkonge kila mmoja upande wake, baba yetu chini, baba ya Gathogo juu, na walivyobishana kidogo kisha baba ya Gathogo mwenyewe akasogeza hatua mbili kurudi kwake na kusema hapa, hapa ni haki. Alieleza alivyowafuata nyuma na miche ndani ya kikapu, akichimba kila walipoweka alama, kumi na minne, na kwamba mti wa tisa ulikufa akaupanda tena mvua iliyofuata. Alitaja wimbo waliokuwa wakiimba. Aliongea karibu robo saa, mikono yake ikichimba juu ya meza. Nyumba nzima ilimsikia, yaani mimi na Theuri. Kwenye kioo alama ilikuwa inazunguka tu.

Theuri hakumkatiza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja begani kwa Tata, akitazama nje kwenye mikima iliyokuwa inadondosha maji. Simu yake ikalia mara moja, ujumbe wa Gacheri uliojipenyeza: kesi imeahirishwa hadi Septemba, mama aje mwenyewe.

Tata alipomaliza akauliza, "Wamesema nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Theuri akaniwahi.

"Wamesikia, Tata. Wamesikia yote."

Tata akashusha pumzi, akaomba uji. Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alilala vizuri. Kila mgeni aliyeingia alimwambia kwamba yeye amemaliza kazi yake, ameishuhudia ile mikima mbele ya serikali akiwa kwenye kiti cha kaka yake. Theuri alinisihi nisimwambie ukweli mpaka Agosti, atamwandaa polepole, tutakodi gari la wagonjwa. Nilikubali. Nilikasirika na nikakubali, na kila jioni nilipoushuka mteremko nilijiambia kesho.

Alifariki Julai, kwa nimonia, siku tatu tu kitandani. Gathogo alikuja mazishini na kutoa rambirambi nzuri.

Hukumu ilitoka mwaka jana. Hakimu alisema maelezo ya maandishi ya marehemu hayakupimwa kwa maswali na hayawezi kubeba uzito mkubwa, na kwamba mlalamikaji alitoa ushahidi wake kwa ufasaha na bila kuyumba. Kwa ufasaha. Mstari ukashuka hadi kando ya zizi. Wiki ileile Gathogo akaleta msumeno wa petroli, mikima yote kumi na minne ikaenda chini kwa siku mbili, na jioni ya siku ya pili mtandao nyumbani kwetu ukawa na kasi ambayo haujawahi kuwa nayo. Theuri alikwenda kwenye bomba, akakishusha kisahani, akakikunjia waya wake na kukiweka stoo. Analala kwenye nyumba isiyo na intaneti, yeye aliyeipeleka kwa watu mia mbili.

Gathogo bado ni mteja. Mwezi uliopita alimpigia kwamba Wi-Fi haifiki vizuri ghorofa ya juu ya nyumba mpya, na Theuri akaenda, akahamisha rauta yake, akabadilisha chaneli, akaondoka. Nilimfokea mbele za watu. Alisema mlingoti hauna kesi na mtu. Sijui kama ni wema au ni kwamba kitu fulani ndani yake kimezimika, na naogopa kumuuliza.

Jumanne Gacheri alitutumia nakala ya kumbukumbu za kesi, kwa ajili ya rufaa kama tutaitaka. Kurasa sitini na mbili. Theuri aliketi kwenye magunia ya maharagwe dukani kwangu, akafunua taratibu, akitafuta siku ile ya Aprili. Ushahidi wa Gathogo ulijaza kurasa kumi na moja. Wa Tata ulikuwa mistari mitatu, akanisomea: shahidi wa tatu, Phyllis, miaka tisini na moja, ameapishwa kwa Kikuyu. Sauti inakatika. Hasikiki.

Aliusoma mstari ule wa mwisho mara mbili, kisha akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Waithira," akasema, "mimi nilimwambia wamesikia."